Samaki Hageuzwi Nansha

Hoteli ile iliitwa Mediterania, na ilikuwa imeazimia kwa dhati kutokuwa China. Kuta nyeupe, madirisha ya buluu, mizeituni kwenye vyungu. Nilitafuna jani moja kwa ajili ya sayansi na kuthibitisha kwamba ni plastiki. Bahari peke yake ndiyo iliyokataa kushirikiana: maji ya Nansha yana rangi ya chai ya maziwa, na badala ya mashua za matajiri zilipita meli za makontena.

Mama yangu, Felisia, hakuja kuogelea. Sisi tulizoea gesti ya karibu na masoko ya jumla ya Guangyuan Xilu, ambako mtu hulala amekumbatia robota lake la nguo. Lakini Laoban Liang, bosi wa kiwanda kilichoshona gauni za Krismasi za Mama, alitualika hapa ili ampime Mama kama mteja. Meli ingeondoka Jumamosi, na kontena lake lilibaki na nafasi ya mteja mmoja tu. Gauni zikiikosa meli hiyo zingefika Moshi Januari, na gauni la Krismasi mwezi wa Januari ni tambara lenye nakshi.

"Goodness," Mama aliniambia garini, "umemaliza kidato cha nne, huna tena utoto wa kusingizia. Utani mmoja tu, nakurudisha kwa baba yako ndani ya robota."

Niliitikia kwa unyenyekevu niliofundishwa na masista wa bweni. Kesho yake asubuhi nikamweleza, tena kwa kuapa, kwamba wageni wa hapa lazima waisalimu sanamu ya mapokezi, mwanamke wa plasta asiye na mikono. Mama aliinama mpaka mkoba ukagusa sakafu. Wahudumu walipiga makofi. Mama akanivuta kwa sikio mpaka kwenye lifti.

Mchana tukaitwa mezani. Mkalimani wetu Arnaud, Mkongo wa Lubumbashi mwenye tai hata kwenye joto, alinivuta pembeni mlangoni.

"Wee mutoto, sikia. Kwa meza ya hawa batu, samaki jamais, hata siku moja, kumugeuza. Kugeuza samaki ni kupindua mashua. Na ile mama muzee, mama ya Liang, alizaliwa ndani ya mashua. Akikataa kwa kichwa, Liang hapakii kitu. Ambia mama yako."

"Mwambie wewe. Mimi leo haniamini."

"Nitamwambia pale pale mezani."

Tulikuwa hatujamaliza supu peja ya Arnaud ikalia kiunoni: vitambaa vya mteja wake mwingine vimechanganywa kule soko la Zhongda. Akaomba radhi kwa lugha tatu na kukimbilia simu. Hapo hapo samaki akaletwa, mzima, akichemka ndani ya mafuta na tangawizi.

Tulikula kwa tabasamu tu, maana hatukuwa na lugha ya pamoja. Ubavu wa juu ukaisha. Bibi Liang, yule mama mzee wa mashua, mdogo kama mtoto wa darasa la pili, alibaki na bakuli tupu. Nikamwona Mama akiliona bakuli lile. Kwetu mzee haachiwi mifupa. Akashika kijiko kikubwa, akakiingiza chini ya samaki.

"Mama, usimgeuze."

"Bibi hana nyama."

"Ni mwiko! Wanaona meli itapinduka."

Mama alitabasamu kwa ajili ya wenyeji na kusema kupitia meno: "Na nimwinamie pia, sivyo? Tutaonana chumbani."

"Mama, naapa."

"Asubuhi pia uliapa."

Laoban Liang aliacha kutafuna. Mkono wa bibi ulisimama hewani na kikombe chake. Samaki akainuka upande mmoja, mkia juu, mchuzi ukaanza kumwagika.

Nikamkandamiza kwa kiganja changu chote.

Alikuwa wa moto kuliko nilivyokadiria. Machozi yalinitoka, lakini mkono sikuutoa. Mama aliniminya paja chini ya meza kwa nguvu za miaka kumi na saba ya malezi.

Bibi akainuka. Alizunguka meza polepole, akaondoa kiganja changu kwa vidole viwili, akashika ncha ya uti wa mgongo na kuung'oa wote. Chini yake nyama ilikuwa imelala, nyeupe, haijaguswa. Akachota shavu la samaki na kuliweka bakulini mwangu, huku akisema maneno ambayo hayakueleweka kwa yeyote kati yetu.

Arnaud alirudi akihema. "Kuna nini hapa?"

"Bibi anasema nini?" Mama aliuliza.

Bibi akarudia maneno yake; Arnaud alisikiliza, kisha akamtazama Laoban Liang, ambaye alisema neno moja tu.

"Anauliza nani alifundisha huyu mutoto. Na laoban anasema Jumamosi, Maman. Gauni zako zinapanda."

Mama alishukuru kwa mikono yote miwili. Kisha akavuta ndoo ya barafu ya soda, akauzamisha mkono wangu humo na kuushikilia.

"Ungesema," akaninong'oneza.

"Nilisema."

"Ungesema kama mtu mwingine, si kama wewe."