Siku Maman Autorité Alipohama

Jina lake la ubatizo lilikuwa Emérence, lakini kule Kasha, mlimani juu ya mji wa Bukavu, kwenye mteremko ulio nyuma ya kanisa, waliomwita hivyo ni mumewe Philémon na mchungaji tu. Wengine wote walimwita Maman Autorité, yaani Mama Mwenye Mamlaka, na jina hilo lilikuwa na asili yake.

Miaka kadhaa nyuma, msimu wa mvua kali, korongo lililokuwa likiula mlima kutoka bondeni lilifika karibu na ua wake. Kila mvua iliponyesha lilimeza kitu: leo mgomba, kesho choo cha jirani. Asubuhi moja Emérence alitoka na Biblia mkononi, akasimama ukingoni huku maji mekundu yakipita chini yake, akaliambia korongo kwa jina la Yesu kwamba mwisho wake ni hapo. Hakupiga kelele. Alisema kama mama anayemkataza mtoto kukaribia moto. Na korongo likasimama. Msimu ule ukaisha, ukaja mwingine na mwingine, nalo halikusogea hata unyayo mmoja. Majani yakaota ukingoni, mbuzi wakaja kuyala.

Habari ile ilishuka hadi mjini. Watu walianza kupanda mlima kuja kuombewa. Na wale waliokuwa wakitafuta viwanja vya bei nafuu wakajenga huko juu, nyuma ya nyumba yake, nyumba za mbao na mabati zilizobanana kama meno. Ukimwuliza mtu kwa nini amejenga kwenye mteremko mkali namna ile, alinyoosha kidole kuelekea kwa Emérence. "Maman eko pale," alisema, na maneno yakaishia hapo.

Emérence hakulitafuta jina lile, wala hakulikataa. Alishona sare za wamama wa kwaya, aliongoza maombi ya Jumatano, na hakuwa na shaka kwamba Mungu alimsikia siku ile. Aliamini pia kwamba mamlaka hayo alipewa kwa kazi fulani. Ni kazi gani, bado hakuwa ameijua.

Mvua za mwaka huu zilipokolea, Bijou, jirani wa juu, alikuja kumwita akiwa ameshika kiuno. Mimba yake ilikuwa imekaribia siku zake.

"Maman, kuja uone kitu. Nyuma ya jiko yangu udongo umepasuka."

Walipanda taratibu, wakipumzika kila hatua chache kwa ajili ya mimba. Ufa ulianzia kwenye jiwe la kufulia, ukapita chini ya ua wa jirani, ukapotelea katika mihogo. Emérence alipiga magoti, akaingiza mkono. Mkono ukaingia mpaka kwenye kiwiko na vidole havikugusa kitu, ila hewa ya baridi iliyopanda kutoka chini.

"Utausemesha, si ndiyo?" Bijou aliuliza. "Utausemesha sawa vile ulisemesha korongo."

Emérence alifungua kinywa. Maneno aliyoyazoea yalikuja yenyewe, lakini yalimkaukia ulimini kabla hajayatoa. Akauma mdomo, akainuka, akapangusa udongo kwenye kitenge chake.

"Bwana yako anasema nini juu ya hii?"

"Ignace? Mi nilitaka niende kwa mama, kule Luberizi, mupaka nizale. Akakataa. Akasema Bukavu yote hakuna mahali pazuri kushinda nyuma ya mugongo wa Maman Autorité."

Bijou alisema hivyo akitabasamu, kama mtu anayempa mwenzake zawadi. Emérence alirudi nyumbani na maneno yale yakimchoma kama jiwe ndani ya kiatu.

Philémon alikuwa amekaa mlangoni akinoa panga. Alikuwa fundi mwashi, mtu wa maneno machache.

"Nimeenda kuuangalia huo ufa asubuhi," alisema kabla hajaulizwa. "Mulima ukifungua kinywa hivi, mi silali chini yake kwa kupenda."

"Na korongo je? Uliona vile lilisimama."

"Korongo niliona. Na huu ufa pia nimeuona."

Akaendelea kunoa. Emérence alikaa kwenye cherehani lakini hakushona. Tangu utoto alifundishwa kwamba mwenye mamlaka ni yule anayesimama na kuamuru. Sasa alijiuliza: na askari akiamriwa arudi nyuma? Anayerudi nyuma kwa amri si mwoga. Mwoga, labda, ni yule anayebaki mahali kwa sababu anaogopa watu watasema nini. Na alipojichunguza alikuta kwamba hofu hiyo anayo, tena kubwa. Angehama, jina lake lingekuwa kichekesho kuanzia Kasha mpaka Nguba.

Alikwenda kumwona Pasteur Élie ofisini mwake, chumba kidogo kando ya jukwaa la kanisa. Mchungaji alimsikiliza mpaka mwisho, akavua miwani.

"Maman Emérence, ushuhuda wako umejenga hii kanisa kushinda mahubiri yangu. Ukitoka, batu batasema tulibadanganya."

"Nisipotoka, Pasteur, batalala pale sababu yangu."

"Tufunge basi. Siku tatu. Tumwombe Bwana aushike mulima."

"Nitafunga. Lakini swali yangu si kama Bwana anaweza kuushika. Anaweza. Swali ni kama amesema ataushika. Mi siku ile ya korongo nilisikia ndani yangu: sema. Leo nimesikiliza tangu asubuhi, na kitu pekee ninasikia ni sauti ya Bijou anasema hataenda kwa mama yake."

Mchungaji alivaa tena miwani yake. Aliupenda ule ushuhuda. Alikuwa ameusimulia mpaka Uvira. Hatimaye alisema kwa sauti ya mtu aliyechoka, "Unataka nini kwangu?"

"Ufunguo wa salle, ule ukumbi wa kanisa. Batu batahitaji mahali."

Alifunga kula kama alivyoahidi. Siku ya mwisho ya mfungo aliamka na moyo mtulivu, akamwambia Philémon, "Leo tunatoka. Lakini hatutapita njia ya nyuma."

Ilikuwa Jumamosi, siku ambayo watu wote wako nyumbani, wanafua, wanasuka nywele, wanatengeneza paa. Emérence alijitwika godoro kichwani. Philémon akabeba cherehani begani. Badala ya kuteremka moja kwa moja kuelekea barabarani, Emérence alipanda juu kwanza, akapita mbele ya kila mlango, godoro likiyumba, jasho likimtoka. Wanawake waliacha kufua. Watoto wakafuata wakidhani ni mchezo. Mtu mmoja akacheka, mwingine akamnyamazisha.

Ignace, mume wa Bijou, alitoka akiwa na kikombe cha chai. Alikuwa karani katika ofisi ya shirika moja mjini, mtu wa shati lililopigwa pasi hata siku za mapumziko.

"Maman, unaenda wapi na matelas?"

"Ninahama, Papa Ignace."

"Imani imekwisha?"

"Imani iko. Ndiyo inanitoa hapa."

Emérence alishusha godoro juu ya jiwe la kufulia, hatua chache tu kutoka kwenye ufa, akawageukia watu waliokusanyika.

"Mulinipa jina," alisema. "Sikuliomba, lakini nililiacha likae. Leo nitalitumia. Kama kweli munaamini Mungu alinipa mamlaka, basi musikie neno ninasema nayo: kwa jina la Yesu, tokeni hapa. Muchukue batoto, muchukue masufuria, tuteremuke pamoja. Salle ya kanisa iko wazi."

Wachache waligeuka kuutazama ufa. Kisha bibi mmoja mjane, aliyekuwa akiishi peke yake na kuku wake, akaingia ndani na kutoka na kikapu. Alijipanga nyuma ya godoro. Akafuata mwingine. Baada ya muda njia ilijaa watu, ndoo, vitanda vilivyofunguliwa, na kuku wakilalamika.

Ignace alikuwa amerudi ndani. Emérence alimfuata mpaka kizingitini.

"Nilinunua hii parcelle, hiki kiwanja, sababu yako," Ignace alisema, na sauti yake haikuwa na hasira, ilikuwa na uchungu. "Kama Mungu alisimamisha korongo, atashindwa na mulima?"

"Hatashindwa. Lakini ule wakati alinipa neno. Leo amenipa miguu. Siwezi kulazimisha anipe tena kile cha jana."

"Basi uende na miguu yako. Mi nitabaki na Mungu."

Emérence aligeuka kuondoka. Bijou alikuwa amesimama nyuma ya mumewe na mkoba tayari begani. "Nitaenda na Maman," alisema tu, akapita. Ignace alibaki na nyumba yake. Alikaa humo mpaka Jumapili jioni, akala mkate mkavu, halafu akateremka mwenyewe, godoro mgongoni, akisema amekuja kuangalia hali ya mke wake. Wanawake waliokuwa wakipika maharage nyuma ya ukumbi walimpakulia sahani bila kumwuliza swali.

Sasa kilichofuata ndicho kilichokuwa kigumu. Jua likawaka. Mvua ilikatika kana kwamba imeambiwa, na mlima ukakaa pale pale, wa kijani, mpole. Watu waliobanana ukumbini walianza kugombania kamba za kuanikia nguo. Wengine walipanda mchana kwenda kukaa kwenye nyumba zao, wakirudi jioni kwa aibu tu. Siku za Jumatano waliokuja kuombewa walipungua, mpaka ikabaki safu moja ya viti. Sokoni, mwuza ndizi alimwuliza Emérence kwa upole wenye sumu kama mlima umemtumia salamu.

Hayo aliyavumilia. Alichoshindwa kukivumilia ni kitu alichokikuta ndani yake mwenyewe. Alasiri moja wingu jeusi lilitokea upande wa ziwa, naye akajikuta ameacha sindano, ameinua shingo, akilitazama kwa hamu. Alikuwa akisubiri. Alitaka mlima uanguke, ili wote wajue kwamba alisema kweli.

Alipotambua hivyo alishtuka. Alikwenda nyuma ya ukumbi, kwenye kuni, akapiga magoti katika majivu.

"Bwana," aliomba, "usiangushe mulima ili mi nionekane mukweli. Kama utapenda, uusimamishe mupaka mwisho wa dunia, na banicheke mupaka nikufe. Batu tu babaki bazima."

Aliomba hivyo siku ile na siku zilizofuata, na mara nyingine ilimbidi aombe mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza moyo ulikuwa haujakubali. Kati ya maombi yote ya maisha yake, hayo ndiyo yaliyomchosha kupita yote. Lakini alianza kuzunguka ukumbini akiwa mwepesi zaidi. Aligawa kamba za nguo, akapatanisha waliogombana, akamshonea Bijou nguo ndogo za mtoto kutoka mabaki ya sare. Bijou alijifungua msichana, salama, katika kituo cha afya cha karibu, na Ignace alionekana akitembea na mtoto kifuani, shati lake halijapigwa pasi.

Mlima ulianguka asubuhi na mapema, siku ya kazi, kabla ya yeyote kuondoka ukumbini. Mvua haikuwa hata kubwa. Palisikika mngurumo kama wa lori linalomwaga mawe, kisha kimya, kisha makelele. Emérence alikimbia na wengine. Udongo mwekundu ulikuwa umefunika mteremko wote wa juu. Nyumba ya Ignace haikuonekana, wala ya mjane, wala zile zilizokuwa zimebanana nayo. Bati moja tu lilichomoza kama ulimi. Waliita majina, wakahesabiana, wakaita tena. Wote walikuwapo. Mtu mmoja alipoteza mbuzi.

Halafu wakaona. Udongo ulikuwa umeteremka mpaka kwenye ua wa Emérence, ukagawanyika, ukapita pande zote mbili. Nyumba yake ilikuwa imesimama nzima, na pazia lake la maua bado dirishani.

Minong'ono ikaanza. "Munaona? Mulima umeogopa nyumba ya Maman." Mtu alikuwa ameshaanza kuimba. Ignace, uso umelowa, alimgeukia. "Maman, kumbe tungeweza kubaki kwako."

Emérence aliiangalia nyumba yake, na badala ya furaha alihisi uzito. Alifikiri: watajenga tena hapa. Kabla udongo haujakauka, watajenga.

"Papa Ignace," alisema, "uangalie pale nyumba yako ilikuwa. Angalia vizuri. Halafu uniambie juu ya nyumba yangu."

Ignace aliangalia. Alikaa kitako juu ya udongo.

Jumapili Pasteur Élie alimwita mbele atoe ushuhuda. Kanisa lilikuwa limejaa mpaka madirishani. Emérence alishika kipaza sauti.

"Tulitoka, na tuko bazima," alisema. "Nyumba ingine zilifunikwa, yangu hapana. Sijui sababu gani. Mutu asiseme anajua. Ninajua tu kwamba Mungu alitutoa, na haturudi."

Akarudisha kipaza sauti, akaenda kukaa. Wengi walitarajia zaidi, na uso wa mchungaji ulionyesha kwamba hata yeye alitarajia zaidi. Lakini alisema amina, na tangazo lililofuata lilikuwa kwamba kanisa litatoa sehemu ya uwanja wake, ile ya tambarare karibu na barabara, ili familia zijenge.

Jumatatu Emérence na Philémon walipanda mlima na nyundo. Walianza na mabati, wakafuatia mbao, wakibomoa nyumba ile nzima ambayo mlima haukuigusa. Watu waliwatazama kutoka mbali kama wanaotazama kufuru. Mjane wa kuku alikuwa wa kwanza kukaribia. Alishika ncha ya ubao mmoja. Muda si muda Ignace naye alipanda, akavua shati lake, akalitundika kwenye mgomba, akauliza aanzie wapi.

"Pale kwenye dirisha," Philémon alimwambia. "Ung'oe misumari polepole. Tutaihitaji kule chini."