Watu wa Huku Hawalii

Kwao, Bwana Habari alikuwa mtu mzito. Akisema redioni kwamba huku kumenyesha, watu wa kwao wanatafuta miavuli. Ndiyo kazi iliyomleta: kuieleza nchi yetu kwa nchi yake, kila alasiri, na alikuwa keshaandika kitabu kimoja kilichouzwa sana. Huku mtaani alikuwa mume wa fundi cherehani, basi, na hilo jina la Bwana Habari tulimpa kwa utani.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Huyu hatukumpa jembe, tulimpa mke. Alikuja kupanga chumba kwa Fundi, chumba kikawa studio, mwenye nyumba akawa mkewe. Alitundika mablanketi madirishani, akaweka meza na maiki, na juu ya mlango taa ndogo nyekundu. Taa ikiwaka, shii! Cherehani inasimama, sufuria haigongwi, mwenye kikohozi akakohoe barabarani. Wateja walipimwa nguo kwa ishara kama mabubu. Fundi alimpenda mumewe, na kimya chake akakipenda vilevile. Hata lugha ya kwao mumewe alijifunzia ukutani, kwa kusikiliza, ndiyo maana alijua kusema "bunge limevunjwa" kabla hajajua kusema "nina njaa".

Aliyeshindwa na kimya ni binti yao. Mtoto alikuwa na mdomo yule! Walimwita Kasuku. Taa ikiwaka alisimama nyuma ya mlango akimwigiza baba yake kwa kunong'ona, mpaka mama amzibe mdomo kwa kiganja, wote wawili wanacheka bila sauti, mabega yanatikisika.

Homa ikamchukua Kasuku, hata shule hajaanza. Walimzika asubuhi. Alasiri ileile matokeo ya uchaguzi yakatangazwa, nyumba imejaa wanawake waliokuja kumlilia mtoto. Bwana Habari akatoka chumbani, macho yamemvimba, akamshika mkewe bega.

"Mke wangu, kwetu wananisubiri. Ni dakika chache tu. Nisaidie, wasilie."

Weee! Mwingine angemrushia kiatu. Fundi aliwatazama wale wanawake, akaweka kidole mdomoni. Taa ikawaka. Akaokota kitambaa cha gauni la mteja, akakiuma kwa meno, akajikaza kisabuni, huku anaisikia ukutani sauti ya mumewe ikitaja kura, wala haitetemeki. Taa ilipozima akafungua mdomo alie. Hakuna kitu. Si unajua chafya ukiizuia inavyopotea, ukabaki unawashwa pua tu? Kilio kilimpotea hivyo.

Akamngoja mumewe, wamlilie mtoto wao pamoja. Kesho yake mume ana kipindi, keshokutwa ana kipindi, halafu akaanza kitabu kingine. "Nikimaliza kitabu, tutakaa mimi na wewe," alimwambia. Fundi akangoja. Hakutaka kingine duniani: walie wote wawili, mara moja tu, kwa sauti.

Kitabu kikaja, kimefungwa kwa karatasi ya posta. Bwana Habari alimwekea nakala juu ya cherehani.

"Soma, mke wangu. Umo humu."

"Nimo?"

"Umejaa tele. Leo nasoma kipande hewani." Akaingia studio, akafunga mlango.

Fundi akasoma, maana hata kusoma lugha hiyo alikuwa keshajifunza kwenye magazeti ya mumewe. "Jirani mmoja aliniambia hivi." Loo, si yeye huyo! "Fundi mmoja alinicheka nilipokosea vile." Yeye tena. Mama mmoja sokoni, mwenye nyumba mmoja mcheshi, wote yeye. Akacheka peke yake. "Kumbe mimi ni mtaa mzima!" Akalitafuta neno "mke wangu", hakuliona. Akamtafuta Kasuku. Labda mbele, akajisemea, na kufunua kurasa.

Mbele akakuta sura ya misiba. Taa ikawaka, na sauti ya mumewe ikaanza kuisoma sura hiyohiyo, yeye akiifuata kwa kidole.

"Watu wa huku hawalii," sauti ilisema. "Nilihudhuria maziko ya mtoto. Nyumba ilijaa wanawake, na hakuna hata mmoja aliyetoa sauti. Mama wa marehemu alikaa macho makavu, kitambaa cha kazi mkononi. Sisi kwetu tungepasuka. Wenzetu hawa kifo hawakioni kama tunavyokiona sisi."

Mama wa marehemu. Kidole cha Fundi kilisimama hapo. Mtoto alikuwa na mama, sawa. Baba yake yuko wapi? Alikisoma kipande kizima tena toka juu. Baba hakuwemo.

Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, na ule wa Fundi haukubisha hodi. Ulimtoka tumboni, ukapita kooni, ukapasua nyumba.

"Mwanangu! Kasuku wangu weee! Mwanangu!"

Taa inawaka vilevile. Mteja aliyekuwa mlangoni akaangusha mfuko wake. Fundi alilia ameshika cherehani kwa mikono miwili, kilio cha siku ile ya maziko, chote, hakuna kilichopungua.

Kule studio, sauti ikakatika katikati ya sentensi. Fundi akasikia kiti kinasogezwa. Anakuja. Jamani, sasa anakuja! Akageukia mlango na machozi yake, hata mikono keshainyoosha.

Kumbe kiti kilikuwa kinaisogelea maiki. Bwana Habari akakohoa kidogo, kisha akasema kwa lugha ya kwao, taratibu, kwa sauti ileile ya siku zote:

"Niwieni radhi, wasikilizaji wapenzi. Ni jirani mmoja hapa, ana matatizo yake."

Lugha ile Fundi alikuwa anaijua vizuri. Alielewa kila neno.