Neno la Upole kwa Sauti ya Radi

Watu walimwita Radi, na jina hilo hakulichukia. Alikuwa fundi seremala siku sita za wiki na siku ya saba alihubiri katika kanisa dogo lililokuwa nyuma ya karakana yake. Miaka yote ya kupaza sauti ili asikike juu ya mashine ya kupasulia mbao ilikuwa imempa koo la tarumbeta. Akihubiri, mabati yaliitikia na watoto wachanga waliacha kunyonya. Waumini walizoea kusema kwamba mhubiri wao hahitaji kipaza sauti, kipaza sauti ndicho kinachomhitaji yeye. Naye alicheka, maana sifa ni tamu hata kwa mtumishi wa Mungu.

Ni kwa sauti hiyo alimfukuza kitindamimba wake. Binti alikuwa amehamia kwa mchomeleaji wa vyuma bila ndoa. Radi, badala ya kwenda kumwona, alipanda mimbarini, naye binti ameketi pale pale katikati ya wenzake, akatangaza kwamba mwana wa namna hiyo hana mlango nyumbani kwake. Binti akainuka, akatoka, asikanyage tena. Mchomeleaji naye hakukawia kumchoka. Aliondoka na kila kitu, hata godoro.

Sasa binti alikuwa amepata kazi ya kutunza wazee katika nchi ya mbali, mkataba wa miaka mingi, na safari ilikuwa Jumatatu. Mama yake alikwenda kumbembeleza katika chumba alichopanga, akarudi na jibu moja tu.

"Anasema ulimfukuza mbele za watu," alimwambia mumewe, "basi umwite mbele za watu. Jumapili atakuja kanisani. Ukimwita vizuri, hasafiri, anarudi nyumbani. Usipomwita, ndiyo basi tena."

"Nitamwita," alisema Radi.

"Si kwa sauti hiyo."

"Sauti gani?"

"Hiyo hiyo uliyosemea 'nitamwita'."

Jumamosi Radi hakufungua karakana. Alisimama jikoni, mkewe akipepeta mchele, akajaribu.

"Mwanangu, rudi nyumbani."

"Hapo umemwita au umemkamata?"

Akajaribu tena.

"Hapo sasa unanadi mitumba, baba."

"Mke wangu, nikishusha zaidi ya hapo mimi mwenyewe sijisikii."

Hilo lilikuwa kweli. Mashine ilikuwa imemla masikio kidogo kidogo, kama mchwa alavyo nguzo. Kila aliposhusha sauti aliona midomo yake inacheza bure. Mkewe akaweka ungo chini, akamshika mkono, akaubandika kwenye kifua cha Radi mwenyewe. "Isikilize hapa, achana na masikio. Kifua kikitetemeka, ujue umezidisha."

Walirudia na kurudia. Mchele ulilala kwenye ungo, moto ukafifia. Mwishowe sentensi ile ilitoka laini, kama randa ikipita juu ya ubao uliokubali. Mkewe akajifuta macho kwa kiwiko.

"Hiyo. Usiiongeze wala usiipunguze. Mimi mwenyewe ningerudi, na wala sijawahi kuondoka."

Kanisani kwao, mbele ya mimbari, kulikuwa na benchi fupi ambalo Radi alilitengeneza kwa mikono yake. Waliliita benchi la toba. Desturi yao ilikuwa hivi: mhubiri akipandisha sauti akaita "rudi!", akina mama wawili wa huduma walishuka katikati ya viti, wakamshika mikono aliyeguswa, wakamleta kupiga magoti pale, huku kanisa zima likiimba. Hakuna aliyehitaji kuelekezwa. Ilikuwa kama kengele na wanafunzi.

Jumapili ile binti alikuja. Alikaa safu ya mwisho karibu na mlango, mkoba mapajani. Radi alimwona, akaweka kiganja kifuani, akaanza kwa sauti ya chini.

"Nina mwana. Nilimkosea."

Watu wakatazamana.

"Leo mhubiri anaumwa?" mmoja akanong'ona.

"Hatusikii, mtumishi!" aliita bibi mmoja aliyeitwa Mama Amina, kwa sababu hakuna neno la mhubiri ambalo hakuliitikia "Amina". "Paza sauti, baba, huku nyuma tunalala njaa!"

Wakacheka. Radi hakuwajali. Alikuwa akimtazama binti yake, na aliona binti amejiinamisha mbele, kiganja nyuma ya sikio, uso umekunjamana kwa kutafuta. Yule mmoja aliyemkusudia ndiye hakuwa akisikia. Basi akaongeza kidogo. Kifua kikatetemeka. Akasema moyoni, kidogo tu, imfikie. Lakini sauti ile ilikuwa kama punda ajuaye njia: ukishamwachia kamba, humwelekezi tena.

"Mwanangu! Rudi nyumbani!"

"Amina!" kanisa likaitika kwa faraja, maana mhubiri wao alikuwa amepona. Shingo zote zikageuka kutafuta mwenye dhambi. Akina mama wawili walikuwa tayari wamefika safu ya mwisho, wamemshika binti viwiko.

"Simwiti kwenye toba!" Radi alinguruma. "Mimi ndiye niliyekosa! Mimi!"

"Mwambie, mtumishi! Mwambie!"

Wimbo ukapanda. Maneno yalikuwa yale yale aliyoyakusudia, hakuacha hata moja, na yalisikika mpaka barabarani. Ila kwa miaka mingi alikuwa amewafundisha watu wale kuitii sauti kabla ya kulipima neno, nao walikuwa wanafunzi wazuri. Mwanamke mwingine, asiyehusika kabisa, alikwenda mbele akaanguka kwenye benchi akilia. Binti alimtazama baba yake mara moja, akachomoa mikono, akatoka.

Baada ya ibada walimzunguka. "Leo umetupiga kisawasawa, mtumishi! Yule binti neno limemchoma, ameshindwa kukaa!" Mkewe alibaki ameketi. "Nenda wewe," alimwambia. "Mimi maneno yangu yameniishia."

Alimkuta binti katika chumba chake cha kupanga, akikunja nguo.

"Maneno nimeyasikia, baba," alisema bila kuinua macho. "Umesema ulikosa. Nakushukuru."

"Basi?"

"Basi magoti yangu hayakusikia maneno, yalisikia sauti. Nilisimama pale nikawa binti wa siku ile ile, natafuta mlango. Siwezi kuishi nyumba moja na sauti hiyo, hata ikiwa inanibariki."

Radi alitaka kusema abaki. Aliishusha sauti, akaishusha tena, mpaka hakujua kama kuna kitu kinachotoka.

"Unasemaje, baba?"

"Baki, mwanangu! Nakuomba!"

Ukuta ukagongwa kutoka chumba cha pili. "Dada! Uko salama humo? Nije?"

"Niko salama," binti alijibu, akivuta zipu ya begi. "Ni baba yangu tu. Ananiaga."

Hakuwa amekuja kuaga. Alitaka kukana, lakini aliogopa kufungua kinywa. Alisimama pale mlangoni, amefumba midomo, mpaka binti alipomwomba ampishe.