Ua Lililotazama Bahari

Haya ninayosimulia ni kweli tupu, na nikiongeza hata chembe ya chumvi, ulimi wangu ukauke kama samaki aliyetundikwa kambani. Asubuhi ile ukungu uliotoka baharini kwetu Doringbaai ulikuwa mzito kiasi kwamba nilitundika koti langu juu yake nikainama kufunga viatu, na koti halikuanguka.

Dada yangu Drieka hakucheka. Alikaa dirishani katika basi la kanisa lililotupeleka sisi wazee kutazama maua ya porini, mikono imelala mapajani kama vitu vya mtu mwingine. Tulikuwa tumemuuguza mama yetu miaka mingi, mimi tangu nilipostaafu kazi ya kiwanda cha samaki, yeye tangu zamani zaidi. Tulipomzika, uchovu ambao hatukuwahi kupata nafasi ya kuusikia ulikuja wote kwa pamoja, ukaketi nasi mezani. Sasa binti wa Drieka alikuwa akimwita aende Kuruman, mji wa bara kabisa, akakae naye. Mimi sina binti. Nilikuwa na nyumba, na dada.

"Leo utayaona maua," nilimwambia. "Ukiyaona hutataka kuondoka."

"Kaka Gawie, nimechoka hata kubishana."

"Basi tuwekeane dau. Yakichanua, unabaki. Yasipochanua, nalibeba sanduku lako mimi mwenyewe mpaka kituoni."

Alinitazama kwa mara ya kwanza siku hiyo. "Bila kusema neno?"

"Bila neno."

"Hapo utapasuka, Gawie!" akadakia mzee mmoja nyuma yetu, na basi zima likacheka.

Lorensa, binti wa mchungaji, ndiye aliyekuwa akituongoza. "Wazee wangu, sheria ni ileile," alisema. "Mtu asichume hata ua moja. Na tutazunguka kwa njia ya ndani, jua liwe mgongoni mwetu."

"Jua lipi, mwanangu?" aliuliza Drieka.

Maua yetu huligeukia jua. Ukiyajia kwa upande usiofaa utaona visogo tu. Na jua lisipotoka, hujifunga. Ndivyo tulivyoyakuta: bonde zima, kutoka barabarani hadi kwenye majabali ya pwani, limejaa ngumi ndogo za kijani. Wazee walishuka, wakayatazama maua, maua yakakataa kuwatazama.

Penye majabali mawimbi yalisikika bila kuonekana. Mahali fulani majini sili alikohoa kama mvuta kiko. Drieka aliketi juu ya jiwe, akaipa bahari mgongo, akafumba macho.

Nilijitenga nyuma ya mwamba na chupa yangu ya kahawa. Nikachuma ua moja la gousblom, la rangi ya chungwa (na Lorensa asisome hapa), nikalishika juu ya kikombe chenye moto na kulifunika kwa kofia. Mvuke ukafanya kazi ya jua. Petali zikaachana moja moja, na naapa nililisikia likipiga miayo. Nikanyata, nikalichomeka mchangani mbele ya miguu ya dada yangu, uso wake ukimwelekea yeye.

"Drieka! Fumbua macho! Limechanua!"

Alilitazama ua. Kisha akanitazama mimi, kwa muda mrefu zaidi.

"Kaka, bahari iko wapi?"

"Nyuma yako."

"Sasa tangu lini ua likatazama bahari asubuhi?"

Ukungu au si ukungu, kila mtu wa kwetu anajua bahari iko magharibi, na jua la asubuhi liko bara. Drieka aliinama, akaling'oa. Halikuwa na mizizi. Akalinusa.

"Na linanuka kahawa."

Hapo ndipo alipocheka, kicheko kifupi chenye kutu, akajipangusa macho kwa kitambaa cha kichwa. "Mzee mzima! Umekuwa mwizi wa maua kwa ajili yangu?"

"Nyumba ile ni kubwa," nilisema.

"Najua. Hata mimi usiku nausikia ukubwa wake." Alilizungusha ua kati ya vidole. "Lakini nimekaa kwa ajili ya watu tangu nikiwa msichana, kaka. Usiniombe nikae tena kwa ajili ya mtu."

Nilimwangalia. Nilikuwa nimeuona uchovu wake siku zote, ila niliuhesabu kuwa wetu. Kumbe sehemu kubwa ilikuwa yake peke yake, na sehemu nyingine nilikuwa nimemtwisha mimi. Nikamimina kahawa iliyobaki, nikampa.

Jumatatu nililipa dau. Drieka aliweka kidole midomoni hata kabla sijamwamkia, akanionyesha sanduku la bati lililosimama mlangoni, ambamo kwa kawaida nguo zake zote huingia. Nikachuchumaa, nikakaza meno, nikalivuta kwa nguvu zangu zote.

Nusura nianguke chali. Sanduku lilikuja juu kama kapu tupu. Ndani kitu kimoja kilibingirika, pengine kiatu, kikagonga ukuta wa bati, kikarudi. Chumbani mwake nguo zilikuwa zingali zimetundikwa.

Nilimgeukia dada yangu, kinywa wazi.

"Dau ni dau," alisema, akashika njia ya kituoni, kwa mwendo ambao sikuwa nimeuona miguuni pake kwa muda mrefu.

Nikaliweka sanduku begani, nikamfuata.