Usishushe Mpaka Nikwambie

Kila Jumamosi baada ya chakula cha mchana, kikundi cha wapiga picha wa Ifakara hukutana nyuma ya duka moja la soda pale Mlabani na kutandaza kamera zao mezani. Si wapiga picha wa kazi. Wa kazi siku hiyo wako harusini wanatafuta riziki. Hawa ni watu wenye mishahara yao wanaopenda kuitwa wasanii. Viktor huleta lenzi ndefu kama mchi, ambayo mpaka leo imepiga kunguru tu. Careen huleta stendi ya miguu mitatu, na haruhusu mtu aishike kabla hajanawa mikono. Beno, mwenyekiti, hufuta lenzi yake kwa kitambaa laini alichoagiza Dar es Salaam, taratibu, kwa upole ambao mkewe hajauonja tangu siku ya ndoa.

Wakishasifiana vifaa, huonyeshana picha. Mwanzoni mwa mvua waliitazama picha ya Beno kwa heshima. Ilimwonyesha Natalia, mama wa Lipangalala, amesimama Kivukoni karibu na daraja, kiroba cha mbegu ya mpunga kichwani, ukungu wa mto nyuma yake. Alikuwa anakwenda shambani.

"Mama, simama hapo hapo," Beno alikuwa amemwambia. "Usishushe mzigo mpaka nikwambie."

Natalia alisimama. Beno akapiga, akatazama kioo cha kamera, akajipongeza, akawasha pikipiki na kwenda kunywa chai. Hakumwambia.

Kwa hiyo kiroba hakikushuka. Natalia alisubiri mpaka jua la utosi, kisha akarudi nacho nyumbani. Mumewe Polikarpo alikivuta, majirani wakakivuta, katekista akakiombea, kisha naye akakivuta. Kilikaa palepale juu ya ngata, na kamba ya mdomo wake haikufunguka. Hakuna aliyeshangaa sana. Aliyekwambia ngoja ndiye wa kukwambia basi, na jambo hilo Lipangalala analijua hata mtoto. Natalia akawa analala ameketi, ameegemea ukuta.

Majirani walipanda. Shamba la Natalia lilibaki tupu, maana mbegu yote alikuwa nayo kichwani. Mvua ikailowesha, ikachipua huko huko. Ndipo yeye na mumewe walipokwenda Mlabani siku ya Jumamosi, majani mabichi yakichomoza katika nyuzi za kiroba.

"Shikamoo, mama," Beno alisema bila kuinuka.

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja uniambie nishushe."

Beno alimtazama, lakini kwa kupitia kamera.

"Dah, hiyo kijani imekaa poa," Viktor alisema, akaanza kufunga lenzi yake.

"Shingo inaniuma," Natalia alisema. "Na nisipopanda sasa, mwakani tutakula nini?"

"Mama, sogea kushoto kidogo," Careen alimwambia. "Hapo kuna kivuli cha makreti."

Natalia akasogea. Ni mwanamke mwenye adabu, na hiyo adabu ndiyo iliyomponza.

"Ni neno moja tu, kijana," Polikarpo alisema. "Sema ashushe, twende zetu."

"Nakuelewa, mzee wangu. Ila hii sasa imekuwa kazi ya mfululizo. Mbegu, mche, mavuno. Nikisema leo, inakatika katikati. Vumilieni kidogo, sanaa inataka muda."

Wenzake waliitikia kwa vichwa, na vichwa vyao havikuwa na kitu juu wala ndani. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Hawa walibishana nusu saa ni lenzi ipi inayoutoa usufi vizuri.

Mpunga ulikua, ukazaa, ukakomaa. Masuke yake hayakukatika kwa kisu wala kwa mundu, lakini kwelea waliyala bila shida. Polikarpo akawa anamfuata mkewe kila aendako, kisimani, gengeni, hadi kanisani, akipiga debe kuwaamia ndege. Padri aliomba tu debe linyamaze wakati wa mageuzo ya mkate na divai.

Baada ya mavuno ya wengine, kikundi kilifanya maonyesho ukumbini. Picha za Beno zilishinda, kwa kura za kikundi chenyewe. Aliziita "Uvumilivu". Natalia alialikwa, akasimamishwa kando ya picha yake ili wageni walinganishe, na wengi walisema kwenye picha alionekana hai zaidi. Mwisho akapewa zawadi: ile picha ya Kivukoni, kubwa, yenye fremu na kioo.

Akanyoosha mikono aipokee.

"Hapana, mama, ngoja," Beno alisema. Akapanda kiti, akailaza fremu juu ya masuke yaliyobaki, akashuka na kuinua kamera. "Safi. Hapo hapo. Usishushe mpaka nikwambie."

Akapiga. Kisha betri ikazima, Beno akaenda kutafuta chaja, na njiani akakuta pilau limeshapakuliwa.

Natalia alisubiri mpaka ukumbi ukafagiliwa. Mlangoni akapinda magoti ili fremu ipite, polepole, shingo imenyooka.

"Baba Vitus, shikilia mlango vizuri," alimwambia mumewe. "Isije ikavunjika, ni mali ya watu."

Polikarpo aliweka debe chini, akaushikilia.