Neno la Ndani ya Moto

Tangu mwanawe afe, Tuffaha hakumwita tena mumewe Baba Heskeli. Alimwita Hakham, kama walivyomwita watu wote wa mji wa Kifl waliomletea maswali yao ya dini, au hakumwita kabisa. Alisogeza sahani mbele yake na kuondoka. Mume naye hakulalamika. Alikula kilichosogezwa.

Aliyeijaza nyumba maneno ni mama mkwe, Khatun. Wiki ile ya kuondoka alizozana na sufuria yake ya kuku wa Sabato, kubwa mno kwa sanduku moja ambalo kila Myahudi aliruhusiwa kutoka nalo Iraki. "Nitaivaa kichwani," alisema. "Askari akiniuliza, nitamwambia ni kofia ya bibi harusi." Hakuna aliyecheka. Akajicheka mwenyewe, kisha akaketi juu ya sufuria yake iliyofudikizwa na kujifuta macho kwa ncha ya shela.

Jirani wengi walikwisha kwenda. Baada ya sikukuu ya Shavuoti, gari la kukodi lingewachukua wao pia hadi Baghdad, kwenye ndege. Tuffaha alijiandikisha kuhama kwa kuwa mumewe alijiandikisha, lakini moyoni alijua haondoki. Mtoto wake alilala nje kidogo ya mji, chini ya jiwe dogo. Angemwachia nani?

Walimpa mtoto jina la nabii Heskeli, aliyezikwa pale Kifl, chini ya kuba. Wazee wao walipochukuliwa mateka hadi Babeli, ndiye nabii aliyeona kando ya mto Kebari kiti cha Mungu juu ya gari la moto, lenye viumbe wa nyuso nne na magurudumu yaliyojaa macho. Sura hiyo husomwa asubuhi ya Shavuoti, wala haipewi mtu yeyote tu. Wenye elimu huogopa kuifafanua hata mbele ya mwanafunzi mmoja mzima, sembuse mtoto. Miaka yote msomaji alikuwa mume wa Tuffaha.

Heskeli alikuwa na miaka saba alipomwuliza baba yake maana ya hashmal, ule mng'ao ambao nabii aliuona ndani ya moto. Baba alipaswa kusema, kula tende zako. Lakini alikuwa na mtoto huyo mmoja, aliyepatikana uzeeni kwa nadhiri. Akampakata, wakanong'ona. Tuffaha hakujua walichosema. Alichojua ni kwamba juma zima mtoto alilirudia neno lile: akifukuza kuku, akipanda ngazi za darini, mdomo ukiwa umejaa mkate. Alilivuta mwishoni kama anayemwita mtu aliye mbali. Kisha homa ikamshika. Mwili ulichoma hadi kitambaa kilichotoka majini kikakauka kwenye paji la uso wake, na kabla ya Sabato walikuwa wamemzika.

Siku za matanga, wakiwa wameketi sakafuni, Khatun alikumbusha kisa cha kale, kwa uchungu na bila kupima: mtoto mmoja alilielewa neno hilo, moto ukatoka ukamteketeza. Kila mtu mle chumbani alikijua kisa hicho. Hakham aliinamisha kichwa. Tangu hapo hakuisoma tena sura ya gari. Msomaji aliitwa kutoka mji jirani wa Hilla.

Mwaka huu Hilla hapakuwa na wa kuitwa. Wanaume wachache waliobaki walimjia Hakham, wakamwomba nabii asiachwe bila kusomewa maono yake mara ya mwisho. Yeye alimtazama mkewe.

"Soma usisome, Hakham, mimi siendi popote," Tuffaha alisema. "Gari la Mungu lina magurudumu. Kaburi la mwanangu halina."

"Najua," alisema mumewe. Akaenda kutafuta shali yake ya sala.

Asubuhi ya sikukuu Khatun alikaanga kahi, zile chapati za matabaka za sikukuu, akazimwagia malai na asali ya tende, wala hakuna aliyemaliza yake. Wanawake waliketi uani chini ya dirisha la chumba cha sala. Sauti ya Hakham ilitoka imekwaruza, ikanyooka, ikapita upepo wa kaskazini na wingu kubwa na moto. Ikakatika.

Desturi ni kwamba msomaji akikwama, watu humsahihisha papo hapo, hata watoto, na hushindana kana kwamba wanagombea zawadi. Safari hii hakuna kinywa kilichofunguka. Wote walijua kwa nini amekwama, wakamhurumia, na huruma yao ikamwacha peke yake. Alirudi mwanzo wa aya, akafika palepale, akakwama tena.

Tuffaha alikuwa ameingoja siku ya kumsikia akiteseka. Sasa aliisikia pumzi yake ikipanda na kushuka, ileile ya pembeni mwa kitanda cha mtoto, na haikumpa raha yoyote. Mle ndani mumewe alikuwa akilisikia neno lile kwa sauti ya Heskeli, kama yeye alivyokuwa akilisikia kila siku.

Tuffaha akasimama. Khatun alimshika gauni, yeye akajinasua.

"Hashmal," alisema dirishani, akilivuta mwishoni. "Endelea, Baba Heskeli."

Msomaji akalitamka, akasonga mbele, akafika kwenye magurudumu yanayokwenda popote roho iendako, bila kugeuka.

Sikukuu ilipokwisha walikwenda makaburini wawili. Tuffaha alidhani akisamehe atapata wepesi. Kumbe hasira ndiyo iliyokuwa ikimshikilia pale, na sasa haikuwapo. Hakuona tena kitakachomzuia kupanda lile gari, na jambo hilo lilimvunja kuliko matanga.

"Ulimwambia nini siku ile?" aliuliza.

Mumewe alichuchumaa, akafuta vumbi kwenye jiwe kwa kiganja.

"Nilimwambia sijui. Nilimwambia mimi nasoma tu, maana yake siijui. Akafurahi sana." Alifuta tena pale palipokwisha takata. "Akasema, 'Basi baba, nitakutafutia.'"

Tuffaha aliketi chini. Walibaki hapo mpaka honi ya gari iliposikika barabarani, na sauti ya Khatun akimwambia dereva kwamba hiyo si sufuria, ni kofia.

Pale Kifl mtu akitoka kwenye kaburi la nabii hampi mgongo. Hurudi kinyumenyume hadi mlangoni. Kwa makaburi ya watu wa kawaida hakuna anayefanya hivyo. Tuffaha alifanya. Alirudi nyuma polepole juu ya miiba, macho kwenye jiwe, na mumewe, naye akirudi kinyumenyume, alimshika kiwiko asianguke. Honi ikalia tena. Jiwe likawa dogo, likafanana na mawe mengine, na bado alikuwa akilitazama alipokuwa hajui tena ni lipi.