Mnyapara Ajifunza Kufuata

Mnyapara alikuwa amestaafu, lakini jina lilikataa kustaafu. Majengo mengi marefu ya mji ule yalipanda chini ya usimamizi wake, na sauti yake haikuwahi kuhitaji kipaza. Alizoea kutangulia, wengine wafuate. Hata kwenye harusi ya mpwa wake, bwana harusi alijikuta anaufuata mgongo wa mjomba kuelekea mezani, huku bibi harusi akiachwa mlangoni.

Mkewe alikuwa mkunga. Miaka mingi ya wodini ilikuwa imemfundisha kungoja bila kununa, na kutomsadiki mwanamume anayesema hana wasiwasi wowote.

Binti yao wa pekee, aliyefanya kazi mapokezi hotelini, ndiye aliyewaandikisha kwenye msafara wa kitalii wa kwenda nchi ya mbali, nchi ya milima na baridi. Alijua pa kumkamatia baba yake. Alimwambia kwamba huko kuna daraja la mawe lililosimama karne nyingi bila hata karai moja la saruji. Mnyapara akauliza wanaondoka lini. Swali la nani atawaongoza lilimjia baadaye, wakati fomu zimeshatiwa sahihi.

Kiongozi wa msafara alikuwa msichana mwembamba, mpole wa maneno. Aliwakusanya wasafiri wake katika ofisi ndogo juu ya duka la vitambaa, akawapa nasaha. Viatu vipya visivaliwe kwa mara ya kwanza ugenini. Vivaliwe kuanzia sasa, vizoeane na mguu. Dawa zikae kwenye mkoba wa mkononi, kwa kuwa sanduku huweza kwenda nchi nyingine kabisa bila kumuaga mwenyewe. Nguo ziwe nyepesi nyepesi za kuvaliwa moja juu ya nyingine, na mtu asibebe mzigo asioweza kuupandisha ngazi kwa mikono yake. Mwisho akainua fimbo yenye kitambaa chekundu, akasema kwamba stesheni, sokoni au mtaani, macho ya kila mtu yawe hapo.

Mnyapara alikunja uso. Njia nzima ya kurudi nyumbani alilalamika kwamba yeye hawezi kuswagwa na kitambaa kama kondoo.

"Kondoo angalau husikia," Mkunga alisema.

Maandalizi yakaanza. Mnyapara alivaa viatu vipya ndani ya nyumba, na kila alipokwenda jikoni vililia kama panya waliobanwa mlangoni. Mkunga naye alijaribu sweta zake tatu kwa pamoja saa nane ya mchana, jua likiwaka, hata jirani aliyekuja kuomba chumvi akamshika paji la uso na kumuuliza kama ameshapima malaria. Vita vyenyewe vilikuwa kwenye sanduku. Mnyapara alitia vifaa vyake vya kupimia kuta, timazi na pima maji. Mkunga akavitoa. Asubuhi vikawa vimerudi, vimefunikwa soksi.

"Daraja la karne nyingi," Mkunga alimuuliza, "wewe ndiye utakayewaambia kama limenyooka?"

Mnyapara alijibu kwamba mtu akienda kumtembelea mgonjwa huuliza hali, hata kama si daktari.

Lakini kadiri siku zilivyosogea, ndivyo Mnyapara alivyozidi kupata sababu za kutokwenda. Mara mgongo unamsumbua. Mara amesikia chakula cha ndegeni kinafunga tumbo. Kila hoja ikipanguliwa, alirudi kwenye kile kitambaa: yeye hafuati bendera ya mtu. Mkunga aliona ni kiburi tu, na kiburi, kwa maoni yake, ni ugonjwa unaotibika kwa mazoezi. Jumamosi asubuhi akachukua mwiko mrefu wa kusongea, akaufunga kilemba chake chekundu, akamsimamisha mumewe mlangoni.

"Leo mimi ndiye kiongozi, wewe mtalii," alimwambia. "Tunakwenda sokoni. Unifuate. Usinipite, wala usinielekeze njia."

Walitoka hivyo, mama mbele na mwiko wake juu, mzee nyuma na viatu vyake vinavyolia. Mtaa mzima ulisimama. Muuza ndoo alimuuliza Mkunga kama huyo mzee anauzwa. Mkunga akasema akipatikana mnunuzi wa kweli atampa na viatu bure. Mnyapara alijitia hamnazo, akafuata. Mwendo wa karibu aliuweza vizuri kabisa, na Mkunga akaanza kuona kwamba dawa yake inafanya kazi.

Walipofika ndani ya soko aliongeza hatua. Alipita kwa wauza nafaka, akakata kona kwa wauza vyungu, akapanda kwenye ngazi ya ghala na kugeuka, mwiko juu. Mtalii wake hakuwepo.

Alimwona upande wa pili wa uchochoro. Alikuwa anatembea kwa heshima zote, mikono nyuma, akimfuata mwanamke asiyemjua aliyejitwika beseni jekundu. Mwanamke akakata kushoto, naye kushoto. Mwanamke akasimama kumsalimu mwenzake, naye akasimama. Mwishowe yule mwanamke akajiunga na foleni, na Mnyapara akajipanga nyuma yake, wa mwisho katika foleni ya choo cha wanawake.

"Mzee," mwanamke alimuuliza, "unanifuata?"

"Ndiyo," alijibu Mnyapara. "Nimeagizwa."

Foleni nzima iliangua kicheko. Mkunga alifika akicheka mpaka anajishika ubavu. Alisimama hatua chache kutoka kwa mumewe, akauinua mwiko ili amwonyeshe bendera ya halali ilipo. Kisha akaona kwamba mzee hacheki. Alikuwa ameukaza uso kuelekea alikosikia sauti ya mkewe, lakini macho yalipita pembeni ya kile kitambaa, yakarudi, yakapita tena, kama mtu anayetafuta swichi gizani. Mkunga akaupeleka mwiko kushoto taratibu. Macho hayakwenda nao.

Kicheko kikamkauka. Alimshika mkono, akamketisha kwenye benchi la muuza chai, akamwomba amsomee kibao kilichokuwa juu ya duka lililowakabili. Mnyapara alisema maandishi ya siku hizi hayasomeki. Mkunga aliagiza chai mbili. Kazini kwake alikuwa amejua kwamba mtu akiachiwa kimya cha kutosha, atakijaza mwenyewe.

Alikijaza. Alisema ukungu ulimwingia machoni msimu wa mvua uliopita, naye akadhani utaondoka na mvua. Nyumbani hakusumbuka, kwa kuwa pale anapajua kwa miguu. Magazeti aliyafunua tu ili aonekane anasoma, na habari alizisikia redioni. Alikuwa mtu wa kusimama chini na kuona tofali moja lililopinda kule juu. Angeanzia wapi kusema kwamba sasa hata ngazi haioni vizuri?

"Kuongozwa si tatizo, Bibie," alisema, akiizungusha glasi ya chai bila kuinywa. "Ninachoogopa ni kumfuata mtu mwingine, nchi ya watu, nikidhani ni wewe."

Mkunga alikuwa na maneno mengi ya kumpa, na mengine makali, maana miezi yote hiyo aliishi na mgonjwa ndani ya nyumba na hakumjua. Yote aliyameza. Aliufungua mwiko, akajifunga kilemba chake kichwani, wakarudi nyumbani wameshikana mikono. Muuza ndoo aliwaona, akawaacha wapite.

Daktari wa macho aliwapokea mapema wiki iliyofuata. Alimulika jicho moja, akamulika la pili, akasema ni mtoto wa jicho, macho yote mawili, na kwamba anaondoka kwa upasuaji mdogo tu. Ndipo Mkunga, aliyekuwa amejizuia tangu Jumamosi, akashindwa.

"Nimezalisha nusu ya wilaya hii," alimwambia mumewe, "kumbe mimba ipo kwangu, tena ya mapacha. Wahenga walisema mficha uchi hazai. Wewe umeficha, na bado umezaa."

Daktari alilazimika kuiweka kurunzi yake mezani. Mnyapara naye alicheka, na tangu hapo hakuuficha tena ugonjwa wake. Alimsimulia kila aliyekaa naye kwenye benchi la kungojea, hata waliokuja kwa ajili ya meno.

Kiongozi wa msafara hakuleta ugumu wowote. Aliwahamishia kundi la baadaye, akawaambia ni heri kuahirisha safari kuliko kwenda kutazama milima kwa kusimuliwa. Jicho la kwanza likafanyiwa upasuaji, kisha la pili. Siku bandeji ya mwisho ilipoondolewa, Mnyapara alimkazia macho mkewe kwa muda mrefu.

"Hizi mvi zimekuja lini?"

"Zilibisha hodi sana," Mkunga alisema. "Hukuitikia."

Nyumbani aliutazama ukuta wa sebule alioupiga lipu kwa mikono yake mwenyewe mwaka uliopita, akaona lipu yote imekwenda mawimbi. Kesho yake aliubomoa. Baada ya hapo akageuka kero ya namna nyingine: alisoma kwa sauti kila kibao kilichopita mbele yake, cha duka, cha zahanati, cha mbwa mkali, mpaka binti yao akasema afadhali baba wa ukungu. Siku ya safari alisoma vibao vyote vya uwanja wa ndege, na alipokaa ndegeni akasoma karatasi ya maelekezo ya hatari, mbele na nyuma.

Ndege ilipoanza kukimbia alinyamaza. Alikuwa ameiona mikono ya Mkunga. Ilikuwa imekamata kiti mpaka vifundo vya vidole vikabadilika rangi. Alimuuliza kulikoni. Mkunga alisema anapumzisha mikono tu. Halafu, bila kumtazama, akasema amekuwa akiiogopa ndege tangu siku ile binti yao alipowaandikisha, na kwamba hangaiko la viatu na sweta lilimsaidia kutoifikiria.

Utani ulikuwa wa kuokota tu. Mnyapara hakuuokota. Aliuweka mkono wake mpana juu ya wa mkewe, akamuuliza kule wodini alikuwa anawaambia nini wanawake waliojaa hofu.

"Watoe pumzi," Mkunga alisema. "Polepole."

"Basi toa."

Akatoa. Ndege ikaiacha ardhi. Mkunga alifumba macho kabisa, na Mnyapara, aliyekaa dirishani, akaanza kumhadithia yaliyokuwa chini yao: paa za mabati, barabara, lori la mchanga linalopanda kilima, mama anayeanika mashuka, na kwamba mashuka yenyewe ni ya bluu, moja lina kiraka. Hapo Mkunga akafumbua jicho moja, ahakikishe kama mzee hapigi chuku.